Buluu Ilikuwa Juu

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mazoezi, msichana mpole asiyependa kuuliza maswali, aliweka mirija ya damu upande mmoja tu wa mashine ya kuzungushia pale maabara ninakofanya kazi, akafunga mfuniko, akabonyeza kitufe. Meza ilianza kutetemeka. Chupa zilizokuwa rafuni zikagongana, kalamu ikatambaa hadi ukingoni ikaanguka. Niliizima haraka nikamwambia, bila ukali, kwamba kila mrija lazima upate mwenzake wa uzito uleule upande wa pili, hata kama ni wa maji matupu. Akasema pole, madam. Nami nikatoka nje kwenye korido, nikaegemea ukuta. Mtetemo ule niliujua. Niliujua kupitia nyayo kabla sijaujua kwa masikio, nilipokuwa na miaka minane, nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Nyalenda, Kisumu, pale kiwanja kilipoishia na mafunjo yakaanza.

Tulikuwa wawili tu, Baba na mimi. Mama alikuwa amefariki kabla sijajua kufunga kamba za viatu vyangu. Watu hawakusema kwamba alikufa. Walisema alienda. "Tangu mama yako aende," walikuwa wakianza hivyo, kisha wanaangalia pembeni. Baba mwenyewe hakusema hata hilo. Alikuwa fundi wa ndege ndogo huko Nairobi kabla ya karakana yao kufungwa, na humo alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi, mgongo ukaumia. Aliporudi Kisumu alikaa soko la Kibuye mchana kutwa akitengeneza pampu za maji na blenda za watu. Jioni alirudi, akapika, tukala. Sauti niliyoizoea zaidi nyumbani ilikuwa ya kijiko kikigusa sahani. Sikuwa na ndugu. Watoto wa jirani walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mbele ya lango letu, lakini sikujua mtu anaanzaje kuingia katika mchezo ambao tayari umeanza, kwa hiyo niliwaangalia tu kupitia upenyo wa mabati.

Kilichokuwa na maneno nyumbani kwetu kilikuwa ile helikopta. Rubani mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia Baba. Haikuwa mchezo wa watoto. Ukiisimamisha kwa mkia ilinifikia utosini, na mapanga yake mawili, kila moja lilikuwa refu kuliko mkono wangu. Iliendeshwa kwa redio yenye antena ndefu, na mafuta yake yalichanganywa na mafuta ya nyonyo, basi moshi wake ulikuwa mzito na mtamu kidogo, ukabaki kwenye mashati ya Baba hata baada ya kufuliwa. Sasa hivi vijana wanarusha droni harusini na hakuna anayeinua kichwa. Wakati ule simu zetu zilikuwa na vitufe, na kitu kile kilipoanza kunguruma watoto wote wa kati walikimbilia mabati yetu, wakachungulia ndani. Ndiyo mara pekee nilipokuwa upande wa wanaochunguliwa.

Lakini ilitetemeka. Ilipokaribia kupaa, mkia ulichezacheza na vyuma vyake vilipiga kelele kama sufuria zilizobebwa ovyo. Baba alinieleza sababu akiwa amechuchumaa kwa taabu, mkono mmoja kiunoni. Mapanga mawili yakizunguka, alisema, yanatakiwa kukata hewa mahali pamoja. Panga la pili lipite palepale lilipopita la kwanza. Moja likipita juu ya lingine, hata kwa upana wa kidole, mashine yote inasumbuka. Alifunga tepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja na tepu ya buluu kwenye ncha ya lingine. Yakizunguka, huoni mapanga tena, unaona mistari miwili ya rangi hewani. Ukiiona miwili, kuna kazi. Ukiona mmoja, umemaliza.

Tatizo ni kwamba mistari ile huonekana tu ukiwa umeweka macho sawa na mapanga yenyewe, na helikopta ilikuwa chini, na mgongo wa Baba haukukubali kulala kifudifudi. Hapo ndipo nilipopata kazi. Alinunua Kibuye kioo cha mbele cha gari bovu, akakijengea fremu ya mbao, akakisimamisha hatua ishirini kutoka kwenye helikopta. Mimi nililala nyuma yake, kidevu mkononi.

"Usitoke nyuma ya hiyo kioo," alikuwa akisema kila mara. "Hata nikikuita. Hata nikianguka. Panga ikichomoka haichagui mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kisha aliwasha, kelele ikapanda, majani yakalala, na yeye, redio ikiwa imening'inia kifuani, akapaza sauti: "Haya, Awino! Gani iko juu?"

"Nyekundu!"

"Sana ama kidogo?"

"Vidole vitatu!"

Alizima, akangoja mapanga yasimame kabisa, akaenda kwenye kirodi, kifimbo chembamba cha chuma kilichokuwa kikisukuma panga la nyekundu, akakizungusha nusu mzunguko, akawasha tena. Vidole viwili. Nusu mzunguko mwingine. Kimoja. Siwezi kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hakukulia katika nyumba ya kimya. Mtu mzima aliniuliza swali, akangoja jibu, kisha akafanya nilichosema. Jioni moja Waya alikuja kutuona. Waya ndivyo tulivyomwita dada yake Baba, aliyekuwa akinunua na kuuza omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge. Baba alimwambia, huku mimi nikisikia, "Macho ya huyu mtoto haijawahi kunidanganya." Nililala na maneno hayo kama mtu anavyolala na nguo mpya karibu na mto.

Jumamosi iliyofuata Waya alikuwa bado kwetu. Alisimama langoni na mama jirani, nami nilikuwa nyuma ya mabati nikichuma mboga. Sikukusudia kusikiliza.

"Hiyo ndege ikitulia tu," Waya alisema, "huyu anaenda."

"Aende tu, mama," jirani akajibu. "Amekaa sana."

"Amekaa sana kweli."

Basi, hawakusema zaidi, wakahamia bei ya nyanya. Nilibaki pale na mboga mkononi. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Mama alienda. Sasa Baba naye angeenda, na kilichokuwa kinamchelewesha ni mtetemo wa ile mashine, na mtu aliyekuwa akimsaidia kuuondoa mtetemo huo, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, alikuwa mimi.

Jioni ileile tulifanya jaribio. Nililala nyuma ya kioo. Nyekundu ilikuwa imeshuka vizuri mno, imepita chini, na sasa buluu ndiyo iliyokuwa juu. Vidole viwili. Niliiona waziwazi, mstari wa buluu, kisha ufa mwembamba wa hewa, kisha mstari mwekundu.

"Haya, Awino! Gani iko juu?"

Akauliza tena, kwa sauti kubwa, akidhani kelele imenizuia kusikia.

"Mstari mmoja, Baba!" nikasema.

Nilimwona akitabasamu, kisha akiangalia mkia, tabasamu likipungua. Mkia ulikuwa ukicheza bado. Alizima. Akasimama muda mrefu akiitazama helikopta kama mtu aliyeambiwa jambo na mtu anayemwamini, huku akiona kwa macho yake kitu tofauti. Akaniamini mimi.

Kwa kuwa mapanga yalikuwa yanafuatana, kosa lazima lilikuwa kwingine. Ndivyo fundi anavyofikiri, na Baba alikuwa fundi. Aliyatoa mapanga yote mawili, akayaunganisha kwenye mashina yake kwa bolti moja, akaiweka bolti juu ya glasi mbili za chai ili yabembee. Jepesi likapanda, akalibandika kipande cha tepu karibu na ncha, akakipunguza kwa wembe hadi yote mawili yakatulia sawasawa. Tukajaribu. Mtetemo. "Gani iko juu?" "Mstari mmoja." Akatoa shafti ndogo inayoshika mapanga, akaiviringisha juu ya kipande cha kioo mezani, shavu lake likikaribia kugusa meza, akitafuta kama imepinda. Haikuwa imepinda. Akabadilisha pete za mpira zilizochakaa. Akakaza bolti, akalegeza, akakaza tena kwa nguvu sawa. Akafungua mkia wote. Kila siku chache tulirudi kiwanjani, naye aliniuliza, nami nikasema mstari mmoja, na kila niliposema uso wake ulizidi kuzeeka.

Kwa siku kadhaa nilijiona mshindi. Baba alikuwepo. Asubuhi niliamka nikasikia kikohozi chake, nikajua bado. Lakini mambo yalianza kubadilika ndani ya nyumba. Aliacha kumaliza chakula chake. Alikuwa na desturi ya kupiga mluzi akinoa kisu, akaacha. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya helikopta iliyofunguliwa vipande vipande, mikono imelegea magotini, akasema, si kwangu, kwa vile vyuma, "Mimi nimesahau kazi." Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikakumbuka lile neno la Waya, nikaufunga.

Kisha ilifika siku ya Baba kumwonyesha mgeni helikopta. Baba alivaa shati lake jeupe la kanisani. Mtu mmoja mnene, mwenye kofia pana na laptopu begani, alikuja na pikapu kutuchukua. Baba alimwita Mhandisi, basi nami sikujua jina lake lingine. Tulienda uwanja mmoja wazi karibu na ziwa, ambapo magugu yalikuwa yamefunika maji kiasi kwamba ungedhani ni shamba. Kamera ilifungwa tumboni mwa helikopta. Niliambiwa nikae ndani ya pikapu, vioo vimefungwa.

Ilipaa. Sijawahi kuona mtu akishika kitu hewani kwa upole ule. Baba aliipeleka juu ya magugu, akaizungusha, akairudisha, akaishusha bila kishindo. Mkia tu ndio uliotetemeka kidogo. Ukiwa mbali hungegundua. Mhandisi alipiga makofi. Kisha akachukua kadi ya kamera, akafungua laptopu juu ya boneti ya pikapu, mbele yangu kabisa, kioo kikitutenga. Niliteremsha kioo kidogo.

Picha zilikuwa zinayumba. Ziwa lilionekana kama kitu kilichotazamwa kupitia uji. Mhandisi alizipitia moja moja, akizidi kupunguza mwendo, kisha akafunga.

"Picha zinacheza, fundi."

"Naona," Baba alisema. "Nipatie wiki mbili. Mapanga yako sawa, hiyo tumehakikisha. Kuna kitu kingine, nitaipata."

"Wiki mbili sina. Wenye kazi wanataka kuanza Jumatatu. Itabidi nichukue yule wa Nairobi."

Baba alianza kuifungua kamera tumboni mwa helikopta.

"Nimesikitika, bwana, nakuambia ukweli," Mhandisi akaendelea. "Hii ilikuwa kazi ya mwaka mzima, kupiga picha za haya magugu. Hapa hapa Kisumu. Ungelala kwako kila siku."

Hapa hapa Kisumu. Nilikuwa na vidole juu ya ukingo wa kioo, na nakumbuka ulikuwa wa moto kwa jua na sikuviondoa.

Mhandisi alitushusha barabarani, tukaingia kijia chetu kwa miguu, Baba amebeba helikopta begani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nilimfuata nyuma.

"Baba, ungeenda wapi?"

"Lini?"

"Ndege ingetulia. Waya alisema ungeenda."

"Kazini, nyathina. Ningeenda kazini asubuhi, jioni narudi." Hakugeuka. "Watu walikuwa wananisema nimekaa sana bila kazi ya maana."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa peke yetu, njia ilikuwa na kivuli, na alikuwa ameniita nyathina, mwanangu, jambo alilolifanya kwa nadra sana. Nilihesabu hatua zake hadi langoni, na langoni nikawa bado nahesabu.

Miezi michache baadaye alipata kazi Uarabuni, ya kutengeneza mashine za kupoza hewa. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwepo. Alinipeleka Usenge kwa Waya na begi moja. Waya alikuwa na watoto watano, nyumba yenye kelele kutoka alfajiri, na alinipenda, sitasema vinginevyo. Watoto wake walinifundisha kuanika omena na kuwafukuza ndege, waliniita dada. Lakini mtu anaweza kulala kitanda kimoja na wasichana watatu na bado akawa peke yake, kama amebeba kitu ambacho hawezi kumwonyesha yeyote kati yao. Kila Jumapili Baba alipiga simu. Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Waya hajambo? Hajambo. Kisha ile sauti ya upepo wa simu za mbali, sisi wawili tukiisikiliza kutoka pande mbili za bahari, hadi muda ukaisha. Alikuja likizo mara mbili katika miaka tisa. Mara zote mbili aliniletea viatu vidogo kuliko miguu yangu.

Aliporudi kabisa nilikuwa nimeanza chuo. Alipanga nyumba Manyatta, hapa Kisumu, nikahamia kwake, tukawa wageni wawili wenye adabu. Tulipishana mlangoni tukiombana radhi. Alikuwa na mvi, na mgongo sasa ulikuwa umempinda kabisa. Helikopta alikuwa ameiuza kitambo, sikujua lini. Asubuhi moja ya likizo tulikuwa jikoni, yeye ameketi kwenye kistuli akimenya viazi vitamu, mimi nikiosha vikombe. Nilimpa mgongo ili niweze kusema.

"Baba, ile siku ya Mhandisi. Mapanga hayakuwa sawa. Buluu ilikuwa juu. Nilikuwa nakudanganya."

Kisu kiliendelea kumenya. Nilisikia ganda likianguka kwenye beseni.

"Najua," akasema.

Nikageuka.

"Ulipokuwa shule, wiki ileile, baada ya Mhandisi kutuacha, nililala chini mwenyewe nyuma ya kioo, redio kifuani. Nilichukua nusu saa kuinuka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Niliiona. Vidole viwili. Nikazungusha kirodi mara moja, mashine ikatulia kama maji ya mtungi."

"Mbona hukuniuliza?"

Aliweka kisu chini.

"Niliogopa utanijibu. Nilijiuliza, huyu mtoto ameniharibia kazi ya Kisumu kwa nini? Nikaona ni kwa sababu amechoka kukaa na mimi. Nyumba ilikuwa kimya sana, Awino, nilikuwa najua. Nilikuwa nakuona ukiangalia watoto kupitia hayo mabati. Nikasema, anataka kwenda kwa Waya, kwenye watoto wenzake, na hajui kuniambia. Basi nikakupeleka."

Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka juu ya mikono yangu. Nilimweleza yote, maneno ya langoni, mboga, neno lile la kwenda. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, na mahali pengine nikalazimika kuanza upya. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa akiangalia viganja vyake, vilivyokuwa na wanga mweupe wa viazi, na kwa muda nilidhani tumerudi kwenye kimya chetu cha zamani na kwamba safari hii hakitatuachilia.

Kisha akavuta kistuli cha pili kwa mguu, akakisogeza karibu na chake.

"Funga hiyo maji, ukae," akasema. "Kule Usenge, asubuhi kabla ya shule, ulikuwa unakunywa nini?"

Nilifunga maji. Nikakaa.

"Uji," nikamwambia. "Wa mtama. Waya alikuwa anauweka ndimu."

"Ndimu," akasema, na akangoja niendelee.